Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Kwenye mazishi ya Mama, wasemaji walipokezana kipaza sauti wakitaja wakubwa waliopitia mikononi mwake: daktari, wakili, meneja wa benki. Nilishukuru kwa kila neno. Lakini najua orodha yake mwenyewe ingeanza na wale waliochelewa kusoma.

Alizaliwa 1938. Uhuru wa Kenya ulipokuja 1963 alikuwa tayari mwalimu mwenye cheti cha P3, cha daraja la chini la ualimu wa msingi, na alistaafu 1993 akiwa na miaka 55. Karibu muda wote huo alifundisha darasa la kwanza, hapa Nakuru, upande wa Bondeni. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, kila mmoja akitaka ahamie madarasa ya juu. Akawajibu vilevile wote: "Mtoto asiposhika herufi kwangu, huko juu atashika nini?" Mimi nimefundishwa na wengi hadi chuo kikuu, na bado naamini hakuna ualimu mgumu kuliko ule wa Mama.

Fikiria darasa lenyewe. Huyu baba yake ni fundi wa reli, wamehamia kutoka Butere juzi tu. Yule mama yake yuko kiwanda cha pareto. Kuna Mnubi, Mluo, Mkikuyu, Mkipsigis, na nusu yao hawaelewani. Miaka ya 60 mpango mpya ulitaka wote hao wafundishwe kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mama aliufuata kwa sababu aliamriwa, ila mlango ukishafungwa, hadithi alizitoa kwa Kiswahili. Ripoti ya Gachathi ya 1976, ya kamati ya serikali kuhusu elimu, ilipopendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, lugha hiyo kwetu mjini ikawa Kiswahili, na Mama akafurahi kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Hesabu alifundisha kwa vifuniko vya soda. Sisi watoto wake ndio tuliotumwa kuviokota nje ya baa na maduka, kisha tukavisugua kwa mchanga hadi vikang'aa. Ba be bi bo bu aliandika kwa mkaa juu ya katoni, kwa sababu chaki ya shule ilikuwa ya kuhesabiwa.

Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Rais Moi kwa shule za msingi, yalipoanza 1979, alitakiwa kuhakikisha kila mtoto amekunywa pakiti yake palepale. Wako waliokunywa nusu na kuficha iliyobaki kwa ajili ya mdogo wao nyumbani. Mama aliwaona. Aligeukia ubao akaandika polepole.

Halafu Januari 2003. Serikali ya Rais Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi, na watoto walifurika hadi madawati yakaisha. Mama alikuwa na miaka 64, goti linamsumbua. Tulimwambia, "Mama, kazi yako umemaliza." Hakubishana. Alichukua kofia yake na ule mfuko wa vifuniko, akaenda kuketi na watoto chini ya mti nyuma ya ofisi, bila mshahara. Miongoni mwao walikuwamo wakubwa wa miaka 12, 13, ambao hawajawahi kushika kalamu. Hao ndio aliowapenda zaidi. Hakuwaweka pamoja na wadogo, wasije wakachekwa. Aliwasomesha wenzao wakishaenda nyumbani.

Alifariki akiwa na miaka 86. Wiki iliyofuata nilipeleka gari kwa fundi kule mtaa wa Shabab, hapahapa Nakuru. Fundi alisoma jina langu kwenye risiti, akaniuliza kama mimi ni wa Mwalimu. Nikasema ndiyo. Akafuta mikono, akaniambia alikuwa mmoja wa wale wa chini ya mti, wa mwisho kabisa kujua kusoma, na kwamba Mwalimu hakuwahi kumwuliza kwa nini amechelewa.