Siku moja ya kazi: Majohe hadi Posta na kurudi

Nafanya usafi kwenye jengo moja la ofisi pale Posta, katikati ya Dar es Salaam. Naishi Majohe, ndani zaidi ukishapita Gongo la Mboto, pamoja na wanangu wawili na mama yangu mzazi. Mshahara wangu ni shilingi 190,000 kwa mwezi. Wakishakata asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, napokea 171,000. Kodi ya mapato hainifikii kwa sababu inaanza kwa anayezidi 270,000. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni mwajiriwa, tena mwaka 2025 nilikuwa napata zaidi ya kima cha chini cha wakati huo, 150,000, kilichoanza Januari 2023 kwa kampuni za biashara na viwanda.

Nimeamua kuandika siku moja tu, Jumanne ya mwezi Mei 2025, kwa sababu nasikia sana maneno kwamba watu wa hali ya chini mjini hawana hela kwa vile hawajui kubana matumizi. Naomba anayesema hivyo atembee na mimi.

Saa tisa na nusu usiku

Naamka. Maji yapo kwenye dumu, nayamwaga nusu ndoo, naoga. Mama ameshaamka, anakunja karanga alizokaanga jana kwenye vikaratasi, vya 200 na vya 500. Hizo naziuza kazini na njiani. Nafunga kiporo cha wali na maharage kwenye kopo, navaa kandambili, viatu vya kazi nabeba kwenye mfuko kwa sababu mvua za masika bado hazijaisha na njia yetu ni tope tupu.

Saa kumi na robo

Tunatoka kwa kusubiriana. Kuna mimi, dada mmoja anayepika kwenye mgahawa Kariakoo, na mzee wa nyumba ya nyuma ambaye ni mlinzi. Hakuna anayetoka peke yake saa hizo, maana vibaka wanajua kabisa kwamba anayepita alfajiri ana nauli na simu. Daladala ya kwanza hadi Gongo la Mboto ni 600. Asubuhi sina ujanja, lazima nipande.

Saa kumi na moja kasoro

Hapa Gongo la Mboto ndipo siku inapoamuliwa.

Mtu asiyejua atadhani kituo cha mwanzo ndipo penye siti. Gari linafika likiwa limeshajaa watu waliokaa. Hao wamepanda huko mbele, Mombasa au Banana, wakaja nalo hadi mwisho wa ruti ili wageuze nalo. Wanalipa mara mbili, ya kuja na ya kwenda, ili tu wapate pa kukaa. Kwa hiyo sisi tunaoanzia hapa tunagombania nafasi ya kusimama. Jumanne hiyo gari lilivyopunguza mwendo, kijana mmoja alirusha begi lake dirishani, mwingine akaning'inia mlangoni kabla konda hajafungua. Mama mwenye mtoto mgongoni alisukumwa akarudi nyuma, konda akamshika mkono akampandisha, akawafokea vijana: "Mwacheni mama apite, nyie!" Namshukuru konda yule, siyo wote wana moyo huo. Nyuma yake nikapenya mimi.

Nimekaa miaka nikiwachukia makonda na madereva hadi nilipoanza kuongea nao. Dereva anadaiwa na mwenye gari hesabu, yaani kiasi maalumu cha hela, kila siku, mvua inyeshe, foleni iwepo au isiwepo. Mafuta juu yake, faini za trafiki juu yake. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho chake na konda. Wengi hawana mkataba wowote, na dereva akichoka anampa gari deiwaka, dereva wa kibarua, amshikie raundi mbili. Ndiyo maana gari haliondoki mpaka lishonane, ndiyo maana wanakimbizana vituoni, na ndiyo maana wanawakataa wanafunzi wanaolipa 200. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha pili na ameshaachwa kituoni mara nyingi tu. Ada serikali iliifuta, lakini konda anayetafuta hesabu hana namna ya kumpenda mtoto wa 200.

Safari ya pili ni 800. Tunapita Mzambarauni, Mombasa, Banana, Uwanja wa Ndege, Jet, Tazara. Mwezi ule Barabara ya Nyerere ilikuwa kwenye ujenzi wa mwendokasi, mabasi yenye njia yake, awamu ya tatu, kilomita 23.3 kutoka mjini hadi kwetu Gongo la Mboto. Njia ya katikati ilikuwa imemwagwa zege, sisi tukabanana pembeni. Wenzetu wa Kimara walipata mwendokasi 2016. Nilikuwa nausubiri kwa hamu, lakini nina ombi moja: tuliozoea kupanda magari mawili tuwekewe mabasi madogo ya kutuleta kituoni na tiketi iwe moja. Mwendokasi ukiishia Gongo la Mboto halafu mimi bado nilipe 600 ya Majohe, nitapunguza muda wa barabarani tu, gharama itabaki ileile au itapanda.

Saa kumi na mbili na robo

Nimefika. Tunasaini daftari saa kumi na mbili na nusu. Ukipitiliza dakika kumi, kampuni inakukata nusu siku. Kwa anayekaa Upanga, hapo jirani na Posta, dakika kumi ni uzembe. Kwa anayekaa Majohe ni lori moja lililokwama Jet. Adhabu ni moja kwa wote, na mimi naona hilo ni kosa.

Mpaka wafanyakazi wa ofisi waingie saa mbili, ghorofa tatu ziwe zimeng'aa. Vyoo kwanza. Dawa ya vyoo ni kali, ukiinama nayo muda mrefu macho yanawasha na kifua kinabana, na glovu tunapewa jozi moja kwa mwezi. Zikichanika unanunua mwenyewe. Halafu ngazi. Ngazi unaanza juu unashuka kinyumenyume, dekio mkono wa kulia, ndoo unaisogeza kwa mguu, na kila ngazi unapita mara mbili, mara ya kwanza kwa maji ya sabuni, mara ya pili kwa maji safi, usiache maji ya kumtelezesha mtu. Ndoo ya kukamulia iliharibika, kwa hiyo tunakamua kwa mikono. Viganja vyangu vimepasuka kwenye mikunjo, jioni nikishika pilipili nahisi.

Napenda kazi ikitoka safi. Naisema hiyo kwa sababu watu wanadhani anayefanya usafi anafanya kwa kukosa tu. Kijana wa mapokezi akiingia ananiambia, "Shikamoo mama, leo umepiga kazi," naitika marahaba kwa moyo wote. Yupo mhasibu mtu mzima ananiita mwanangu, na kila Jumanne ananunua karanga za 1,000. Wapo pia wanaopita juu ya maji bila salamu.

Saa nne

Chai ya rangi na andazi moja. Karanga zimeshauzika nusu.

Saa saba mchana

Tunakula stoo, kwenye chumba cha madekio na ndoo, kwa sababu kantini ya jengo sahani ni bei ya watu wa ofisi, na kwa mama lishe wa nje wali maharage ni 2,000. Ukila kwa mama lishe mwezi mzima umekula zaidi ya 50,000. Kwa hiyo kila mtu anafungua kopo lake.

Maongezi ya mwezi ule yalikuwa ya Mei Mosi. Rais alitangaza Singida kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mwenzetu mmoja alidhani na sisi tumo. Tulimweleza: hilo ni la serikali, sisi wa kampuni tuna kima chetu. Alinyamaza, akafunga kopo lake kabla hajamaliza kula. Tunasafisha jengo ambalo kila siku wanaingia watu wa mishahara ya kila aina, na sisi hata mwenye jengo siye mwajiri wetu. Anailipa kampuni ya usafi, kampuni inatulipa sisi. Ukidai glovu kwa mwenye jengo anakuelekeza kwa kampuni, na kampuni inakuambia mkataba na mwenye jengo hautoshi. Makato yangu ya NSSF yanakatwa kila mwezi, lakini nilipokwenda kuangalia michango yangu, kuna miezi haikuonekana. Hilo linaniuma kuliko glovu, kwa sababu ni uzee wangu unaokatwa.

Sasa hesabu yenyewe. Asubuhi 600 na 800. Jioni 800, halafu kutoka Gongo la Mboto natembea. Hiyo ni 2,200 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 57,200. Theluthi nzima ya ninachopokea mkononi inaishia kwenye daladala, na hapo nimeshatembea safari moja kila siku kuokoa 600. Kodi ya chumba na sebule ni 40,000. Inabaki chini ya 74,000 ya kulisha watu wanne, umeme, maji, daftari, dawa ya presha ya mama.

Niliwahi kusoma kwenye gazeti la ofisini kwamba kwa utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18, umaskini wa mahitaji ya msingi kitaifa ulikuwa asilimia 26.4 na Dar es Salaam asilimia 8 tu. Mstari wenyewe wa umaskini ulikuwa matumizi ya shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Sibishani na wataalamu, na ninajua vijijini kuna shida ambazo sisi hatuzioni. Lakini mtu wa Majohe anayefanya kazi Posta, hela yake ya nauli nayo ni matumizi, na hailiwi. Ukitazama nilichotumia utaona nina ahueni. Ukitazama kilichoingia kwenye sufuria utaona jambo lingine.

Na mbona nisihamie karibu? Wengi huuliza. Chumba kimoja Ilala au Kariakoo ni bei ambayo ingekula nauli yote na zaidi, na mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mkononi. Watu hatukwenda Majohe kwa kupenda mbali. Ndiko kodi ilikoishia kushuka. Jiji hili sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na kazi nyingi za mshahara bado ziko Posta, Kariakoo na viwandani barabara ya Nyerere.

Saa tisa na nusu

Muda wangu umeisha, lakini supavaiza anasema ukumbi wa ghorofa ya tano una kikao kesho, tubaki. Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki, na muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu. Sisi hupewa soda. Tulibaki hadi saa kumi na nusu.

Saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu usiku

Jioni ni ngumu zaidi kuliko asubuhi kwa sababu ya kukatisha ruti. Gari limeandikwa Gongo la Mboto, mkifika Banana konda anapiga bodi: "Mwisho hapa, shukeni." Wanageuza kurudi mjini ambako abiria wamejaa, ili wapate raundi nyingine. Atakayelalamika anaambiwa apande lingine, na lingine ni nauli nyingine. Jumanne hiyo tulikataa kushuka. Mzee mmoja mwenye kanzu alisema kwa upole, "Mwanangu, tumekulipa hadi mwisho, tupeleke hadi mwisho." Abiria wote tukakaa kimya tukimtazama dereva. Alitupeleka. Siyo kila siku inakuwa hivyo.

Kutoka Gongo la Mboto nikatembea. Ukijumlisha, nilikaa barabarani kama saa nne na nusu, na hizo hakuna anayezilipa.

Saa mbili usiku

Nimepita dukani. Mafuta ya kupima ya 500, muuzaji anachota na kikombe kidogo anamimina kwenye chupa niliyokuja nayo, tone la mwisho anasubiri lidondoke kwa sababu ananijua. Unga kilo moja, dagaa fungu moja, nyanya tatu. Mafuta ya kupima ukijumlisha mwezi mzima ni ghali kuliko anayenunua dumu la lita tano, nalijua hilo vizuri. Hela ya dumu haijawahi kukaa mkononi mwangu siku moja bila kuwa na kazi nyingine.

Nyumbani mtoto mdogo anataka 1,000 ya mtihani wa mazoezi. Nimetoa kwenye ya karanga.

Saa tatu

Kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo wetu wa kupeana kwa zamu, amepita. Kuna kina mama hapa mtaani wamechukua mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila wiki, na nimeona mmoja akitolewa kochi na jiko la gesi mbele ya wanawe kwa rejesho alilokosa. Hiyo siigusi. Nacheza mchezo wa kina mama, kila mmoja anatoa 1,000 kwa siku na mmoja anapokea zamu ikifika. Hela yangu inatoka kwenye karanga, siku karanga zikidoda naitoa kwenye hela ya mboga.

Kodi yetu inaisha mwisho wa Juni, na mwenye nyumba anataka 240,000 ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo inapita mshahara wangu wa mwezi. Zamu yangu ya mchezo ni Juni hiyohiyo. Nimemwomba kijumbe mbele ya wenzangu asinisogeze, amekubali, na mama alikuwepo, ndiye shahidi wa maneno hayo. Saa nne kasoro nimeloweka karanga kwenye maji ya chumvi, nikalala.