Kokoto Kwenye Gunia la Mzee

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu. Tafakari ya Ijumaa hii nimeianza mara tatu nikaiacha, maana kila nikifika katikati naona haya. Leo naileta na haya zake.

Miaka ya nyuma, kabla ya ule msimu wa 2018 ambao wanajeshi walikuja kusomba korosho na Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho huku kwetu Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Chama chenyewe sikitaji. Kazi ilikuwa moja tu: gunia linapandishwa, nasoma, naandika kwenye daftari, mkulima anapewa karatasi yake, gunia linashushwa, linapanda jingine. Kuanzia Oktoba mpaka Januari mtu unaota namba.

Siku moja akaja mzee na magunia manne kwenye mkokoteni. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa mpaka imekuwa na rangi ya maji ya mchele, na kwenye paji la uso ana ile alama ya sijda. Kijana wetu wa kukagua akafungua gunia la kwanza, akamwaga kwenye turubai. Kokoto. La pili, kokoto. Magunia yote manne, kila moja na kokoto zake, na tulipozikusanya na kuzipima zilikuwa kama kilo mbili kila gunia. Ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza kwa nini mbili, kwa nini si tano. Sikujiuliza. Nilipanda juu ya jukwaa la mizani nikapaza sauti, foleni nzima isikie: "Mzee mzima, kanzu, kofia, sijda usoni, kumbe mwizi!"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa kuwa mzee alichekesha, wengine kwa kuwa mwenye kalamu nilikuwa mimi na magunia yao yalikuwa bado hayajapimwa. Yeye alisema tu, "Sawa, mwanangu." Akakaa chini ya mwembe akachambua korosho zake mpaka jua likakaribia kuzama. Alipomaliza nikampimia upya.

Usiku ule nililala usingizi mzuri kabisa. Ningependa kuwaambia kwamba moyo ulinisuta, lakini haukunisuta hata kidogo, na mpaka leo hilo ndilo linalonitisha kuliko yote nitakayoyasema hapa.

Sasa sikilizeni. Gunia tupu la katani lina uzito wake, tuseme kilo moja. Kilo hiyo hutolewa kwenye hesabu, ni haki, hakuna mkulima anayeilalamikia. Sisi tulikuwa tunatoa tatu. Ukiulizwa unasema "unyevu", au "utaratibu", na mkulima ambaye amelala nje ya ghala siku mbili habishani na utaratibu. Mwisho wa msimu zile kilo zilikuwa zimerundikana, korosho zisizo na mwenyewe, zikaandikwa majina ya watu wasio na hata mkorosho mmoja, na fedha yake tukagawana watu wanne. Fungu langu nilinunulia bati. Ninapoandika haya nimekaa chini yake.

Na yale magunia manne ya mzee, baada ya kuchambua kokoto zote, niliyakata kilo tatu tatu kama kawaida.

Tulikuja kukutana miaka mingi baadaye, mazikoni, Newala. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi ile. Tulikaa mkeka mmoja, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe si yule wa mizani?"

"Ndiye, babu."

"Zile kokoto niliziweka mimi. Usidhani nilisingiziwa. Nilizichota kwenye kifusi cha barabara, maana huku kwetu ni mchanga mtupu, kokoto ni kitu cha kutafuta. Nikazipima kwa mizani ya dukani. Kilo mbili kila gunia, sikuzidisha."

Nikamuuliza kwa nini mbili. Akanitazama kwa muda. "Kwani nyinyi mlikuwa mnazidisha ngapi?"

Ndugu zangu, nimesikia mawaidha mengi juu ya kutohukumu watu, na mengi nimeyatoa mwenyewe, kwenye darsa za hapa mtaani. Ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba muumini ni kioo cha muumini mwenzake nimeisoma mara nyingi sana, na siku zote niliielewa upande mmoja: kwamba mimi ndiye kioo, kazi yangu ni kumwonyesha mwenzangu tongo zake. Haikunijia kwamba kioo kinaweza kuja kwenye mkokoteni, kimevaa kanzu iliyopauka. Zile kokoto zilikuwa kilo zangu mwenyewe. Nilizitoa kwenye gunia lake kwa kalamu, yeye akazirudisha kwa sepetu, mimi nikaziona nikapiga kelele za mwizi. Mwizi kweli nilimwona. Nilikosea mtu tu.

Someni tena mwanzo wa Surat Al-Mutaffifin, sura ya 83. "Ole wao hao wapunjao." Halafu Mwenyezi Mungu anawaeleza ni akina nani, na hakuanza na kupunguza. Alianza na kudai: wanapojipimia kwa watu hudai watimiziwe, na wanapowapimia watu hupunguza. Mimi huwa naona tatizo liko hapo, kwenye mizani mbili ndani ya kifua kimoja. Mpunjaji si mtu asiyeijua kilo. Anaijua vizuri sana, na ukimpunja yeye gramu 10 ataziona. Jicho langu la kuona kokoto lilikuwa kali kwa sababu nilikuwa fundi wa jambo lile lile. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira kwamba mmoja wetu huona kijiti kwenye jicho la nduguye akasahau gogo kwenye jicho lake. Ibn Abbas naye amesimulia kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wake wabaya mno wa vipimo, sura hii ikashuka, wakatengeneza vipimo vyao. Wale ilishuka wakabadilika. Mimi nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa.

Msinielewe vibaya, sisemi kokoto zipokelewe. Karani lazima apime na kadhi lazima ahukumu; korosho yenye mawe ikifika mnadani inawaharibia bei wakulima wote wa chama. Kulikataa gunia lile ilikuwa kazi yangu, na mzee mwenyewe hajanilaumu kwa hilo. Alichokosea anakijua na ameshaomba toba yake. Ninachokizungumza ni zile kelele. Kelele hazikuwa sehemu ya kupima. Zilikuwa za kujisafisha mbele ya foleni, na mtu huwa hajisafishi kwa nguvu kiasi kile asipokuwa na uchafu.

Mwaka huu nimetimiza miaka 60. Mtume amesema umri wa umma wake ni kati ya 60 na 70, na ni wachache wanaovuka hapo. Na katika Bukhari iko hadithi nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba Mwenyezi Mungu hamwachii tena udhuru mtu aliyecheleweshewa siku yake ya kufa mpaka akafikisha miaka 60. Mtume mwenyewe aliondoka akiwa na 63. Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka 1,000 kasoro 50, na bado ikaisha. Sisi huku tunahesabu kwa misimu ya korosho: ukinipa umri wa Mtume, nimebakiwa na misimu mitatu. Mikorosho ya yule mzee ilipandwa na baba yake kabla hajazaliwa na bado inazaa. Mti haumjui aliyeupanda wala atakayeuokotea.

Hapo jirani, mkoani Lindi, kuna Kilwa. Wengi wenu mmefika. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akarudi ndani, akazivua, akampa. Sultani huyo ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la juu ya jabali la bahari, ambalo halikumalizika. Leo ni magofu. Ile nguo aliyoivua ndiyo inayosimuliwa. Nami nimemaliza kuezeka.

Sayyidna Umar alisema: zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa, na zipimeni kabla hazijapimwa. Basi nikatoa daftari zangu za zamani kwenye sanduku, nikavaa miwani. Kwa misimu miwili ya ukarani wangu, magunia yaliyopita mikononi mwangu yalikuwa yanakaribia 2,000. Kilo mbili za dhulma kila gunia, kilo 4,000. Bei nilitumia ile ya 3,300, isiwe najipendelea. Shilingi milioni 13 na laki 2. Tulikuwa wanne, kwa hiyo nikajiandikia fungu langu, milioni 3 na laki 3, nikaona hili nalimudu kwa taratibu. Nikamwendea sheikh wetu kumuuliza kama nimehesabu sawa. Akanijibu kwa swali: "Kalamu ilikuwa ya nani?"

Haki ya Mwenyezi Mungu unaiombea toba usiku, peke yako, na Yeye ni Mwenye kusamehe. Haki ya mja ina mwenyewe, na mwenyewe ana nyumba, na nyumba ina njia ya kwenda. Mnaikumbuka hadithi ya muflisi, anayekuja Siku ya Kiyama na swala na saumu na zaka zake, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule, mema yake yakagawiwa wenyewe mpaka yakaisha. Mzee yule nilimtukana na mali yake nikaila, yote kwa siku moja.

Nikaanza na yeye. Kwenye daftari ana magunia 23, kilo 46, shilingi 151,800. Nilimkuta ameanika korosho uani. Nikamwomba radhi kwa kelele zile, mbele ya wajukuu zake, kwa kuwa kelele zenyewe zilikuwa mbele za watu. Akanyamaza. Nikampa bahasha. Hakusema "yamepita, mwanangu," kama nilivyokuwa nikitarajia njia nzima. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa karatasi za mizani, zote, zimefungwa kwa mpira. Akazipitia moja moja, mdomo ukichezacheza, akahesabu fedha mara mbili. Kisha akatoa noti ya elfu mbili, ya elfu moja na shilingi 300 za sarafu, akaniwekea mkononi.

"Gunia la mwisho halikujaa," akasema. "Siku ile ulizidisha kilo moja tu."