Jinsi nilivyotatua ukurasa wa kolaji unaojikunja na kufanya makunyanzi

Tatizo ni maji yaliyo ndani ya gundi nyeupe inayobandika vipande vya karatasi na picha vinavyounda kolaji. Karatasi ikiyanywa hutanuka, ikikauka husinyaa, na upande mmoja ukivuta kuliko mwingine, ukurasa mzima unapinda kama kigae.

Kwanza nilibadilisha msingi: karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Niliipaka gundi nyembamba pande zote mbili, ikakauka kabisa. Upande wa nyuma ndio watu wengi wanausahau, na ndio unaosawazisha mvuto.

Kwa vipande vyepesi kama gazeti, paka gundi nyuma, subiri kama dakika moja kipande kilegee, ndipo ukibandike. Kandamiza kwa kadi ya plastiki kuanzia katikati kwenda pembeni. Viputo vinatoka vyenyewe ukingoni. Kila tabaka likauke kabla ya lingine.

Mwisho funika kwa karatasi ya kuokea, weka vitabu vizito juu, acha usiku kucha. Bila karatasi hiyo, kitabu kitang'ang'ania kazi yako.

Picha za printa ya wino usizipake gundi ya maji, wino huchuja. Tumia tepu ya pande mbili.