Siku moja ya mwalimu wa rangi, Langoni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi nipo jikoni na sufuria ya gundi. Sinunui gundi. Vijiko viwili vya unga wa ngano navikoroga kwanza kwa maji baridi, kisha namimina kwenye maji yanayochemka na kukoroga bila kuinua mwiko mpaka uji ung'ae. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na donge la gundi mtoto wa miaka minne analila. Nimeshaona.

Hapa Lamu watu husema nalipwa kucheza. Likizo zikifika, akina mama wa mtaani huniachia watoto tangu asubuhi hadi adhuhuri, nami nawachorisha na kuwafinyangisha kwa vitu vya jikoni. Hakuna anayeniona nikipangusa sakafu.

Saa mbili wanaingia, viatu vyarundikana dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Saa tatu ni chapa za mabenda, yaani bamia. Nanunua kwa muuza mboga yale yaliyokomaa, ambayo hayapikiki tena. Yeye hufurahi na kunicheka kwa pamoja. Likate kwa upana, lichovye rangini, ligandamize kwenye katoni, utapata ua.

Saa nne wanachukua karatasi walizozipaka maji ya bizari ya manjano jana, zimeshakauka. Kila mmoja nampa kijiti chenye pamba na kikombe cha maji yenye magadi kidogo. Anachora juu ya manjano, mstari unatoka mwekundu. Kelele zake zilifika hadi gatini, nadhani. Mmoja kachora punda wa miguu sita. Nikamuuliza, akanijibu, "Anakimbia."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Mwalimu, mwanangu alianguka wapi jana?"

"Hakuanguka, dadangu."

"Na damu hii?"

Akaikunjua kanzu nyeupe. Kifuani pana doa jekundu, kubwa kama kiganja. Jana kijana alitoka chuo cha Kurani moja kwa moja na kanzu yake, ingawa nilikuwa nimesema mara tatu waje na nguo kuukuu. Usiku mamake aliona umanjano, akadhani mchuzi, akausugua kwa sabuni ya mche. Doa likageuka jekundu machoni pake. Akamvua mtoto nguo zote akitafuta jeraha, akamwamsha na babake. Mtoto akasema ni rangi ya mwalimu, wakaona ananificha.

Nikamweleza kwamba manjano ikikutana na sabuni au magadi huwa nyekundu. "Manjano naipika tangu sijaolewa," akasema, "sijaiona ikitoka damu." Nikamwonyesha karatasi za watoto. Hakuzitazama. Nikakata ndimu, nikaikamulia pembeni mwa doa, pakarudi njano pale pale. Akanyamaza. Nikadhani yamekwisha.

"Kumbe ulijua! Ulijua, na ukamwacha na kanzu!"

Basi tukaanza upya, kanzu, bei ya kanzu, Ijumaa, babake. Mie nasema suuza kwa maji mengi, tia ndimu, anika darini kwenye jua kali, manjano haivumilii jua. Yeye anasema jua la siku ngapi. Huku nyuma yangu kumenyamaza, na watoto kumi wakinyamaza ujue kuna jambo. Paka wa jirani alikuwa amekanyaga sahani ya manjano na kutembea juu ya karatasi, juu ya mkeka, akapanda ngazi. Hakuna aliyemfukuza. Walikuwa wakihesabu nyayo.

Mama yule alipoondoka adhana ilikuwa karibu, na unga wa chumvi bado haujakandwa. Tukaukanda mbio mbio: unga vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja. Samaki, mashua, kimoja sikukijua. Ukivianika uani hapa kwetu, unyevu wa bahari huvilegeza tena usiku, kwa hiyo navipandisha darini mwenyewe, sinia baada ya sinia, magoti yakilia.

Baada ya hapo sijui saa. Kuosha vijiti, kusugua mkeka, kula wali uliopoa nikiwa nimesimama. Kucha zangu njano mpaka sasa, shemeji yangu akaniuliza kama naumwa ini.

Baada ya magharibi yule kijana akaja, amesimama nje ya daka. "Mama auliza, kesho ni rangi gani?"

"Makaa."

Akafikiri kidogo. "Basi nitavaa ya baba."

Nikamwambia ngoja kwanza, lakini alishapinda kona.