Leo nimesaini karatasi ya Pili

Saa hizi ni saa tano usiku, Pili amelala ndani ya mkono wa sweta langu, kapua kake tu ndo kanachungulia karibu na kiganja, na mimi naandika kwa mkono mmoja kwa hiyo mnivumilie. Kesho saa mbili asubuhi anafanyiwa oparesheni. Au anapumzishwa, yaani anachomwa sindano asiamke tena. Yote mawili yako kwenye karatasi ile ile na saini yangu iko chini yake, na tangu niiweke pale sijaweza hata kunywa maji yakapita vizuri.

Kwa asiyemjua, Pili ni fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, mrefu mwembamba, hata kilo moja hafiki. Ana miaka 5 na nusu. Fereti akijaliwa anafika 6 mpaka 8 hivi, kwa hiyo si mtoto, lakini siwezi kusema ameshakula chumvi nyingi. Naye ni wa pili kweli, kulikuwa na mwenzake kabla yake, huyo nitamfikia.

Ugonjwa unaitwa insulinoma. Ni vivimbe vidogo kwenye kongosho vinavyomwaga insulini bila kipimo, yaani kisukari kilichogeuzwa, badala ya sukari kupanda inashuka mpaka ubongo unakosa chakula. Fereti wengi sana wanaupata wakishavuka miaka 3 au 4, na unajificha vibaya mno maana hawa wanyama wakiwa wazima wanalala masaa 14 mpaka 18 kwa siku, sasa utajuaje usingizi upi ni usingizi na upi ni kuishiwa nguvu? Mi nilikuwa nasema amechoka tu. Alafu nikaanza kumwona anasimama katikati ya chumba anakodolea ukuta kama amesahau alikuwa anaenda wapi, miguu ya nyuma inalegea, anatembea kama anavuta mzigo. Tukaenda akapimwa, sukari ikasoma 41. Fereti mzima akikaa masaa machache bila kula bado anakuwa juu ya 90 kwa kipimo hicho hicho.

Akaanzishiwa dawa ya prednisoloni asubuhi na jioni, chakula kila baada ya masaa manne hata usiku, nyama tu, vitu vitamu hapana maana sukari inaichokoza kongosho imwage insulini zaidi. Tumekwenda hivyo miezi 8. Nina daftari, kila mlo nimeuandika, saa na amekula kiasi gani. Ukilifungua huko mwanzo unaona "amekula yote, ameiba soksi". Soksi zimeandikwa humo mara nyingi kuliko dawa, maana anazikusanya nyuma ya kochi, ana ghala lake kule na ukilisafisha anakununia siku nzima.

Soksi ya mwisho niliiandika wiki tatu zilizopita.

Jumanne ndo ilikuwa mbaya. Nimeamka kumlisha saa tisa usiku nikamkuta ndani ya boksi lake macho wazi haoni, mate yanamchuruzika mpaka kifuani, anajiparura mdomo kwa makucha ya mbele kama kuna kitu kimemnasa humo. Asali ipo pembeni ya boksi siku zote. Nikaichovya kijiti cha pamba nikampaka kwenye fizi, kijiti jamani si kidole, akiwa kwenye hali ile anabana meno na hajui kama ni wewe. Dakika tano hivi akaanza kulamba. Nikamletea nyama iliyosagwa upesi kabla asali haijamshusha tena, akala huku anatetemeka, kichwa kimeegemea kwenye kifundo cha mkono wangu. Nimekaa naye hivyo sakafuni mpaka kukapambazuka.

Daktari akanieleza bila kunizunguka. Dawa ameshaipandisha na ameongeza na ile nyingine inaitwa diazoksaidi, bado sukari inashuka. Kilichobaki ni kumpasua atoe vivimbe anavyoviona na kipande cha kongosho, au tumpumzishe. Na oparesheni yenyewe siyo ya kumponya, alilirudia hilo mara mbili, vivimbe vingine ni vidogo kiasi kwamba jicho halivioni wala kidole hakivigusi, kwa hiyo mara nyingi ugonjwa unarudi. Unanunua muda. Wengine wanapata mwaka na zaidi, wengine miezi tu, na kuna wasioamka kutoka kwenye nusu kaputi.

Dada yangu alivyosikia akasema mwache apumzike, unamtesa kwa sababu hutaki kulia. Nilikasirika lakini sikuwa na jibu, maana naujua upande wa pili wake. Yule wa kwanza nilisubiri. Alikuwa na ugonjwa huu huu, nikasema nitaona wiki ijayo, nikasema leo amekula kidogo basi anapata nafuu, nikaendelea hivyo mpaka akafa kwa degedege usiku wa manane, imemkamata inaachia inamkamata tena, na hakuna daktari aliyekuwa anapokea simu. Sitaki Pili afe vile. Hili ndo jambo pekee nililokuwa nalo na uhakika wiki nzima, kwamba kati ya vyote, kusubiri sikuchagui tena.

Jana nikamuuliza daktari, angekuwa wako ungefanyaje? Akakaa kimya kidogo alafu akanigeuzia swali. Akasema, tuchukulie ameamka, amepona kidonda, amepata miezi minne mizuri, alafu imerudi. Utasema nilimkosea?

Nimelifikiria njia nzima na Pili yuko kwenye kikapu miguuni. Miezi minne. Kwa mnyama anayeishi miaka saba, hiyo siyo kidogo. Nikajiona nafungua daftari naandika soksi. Jibu likawa hapana, nisingesema nimemkosea. Moyo wake uko sawa, mapafu sawa, ultrasaundi haikuonyesha kitu kingine cha kutisha, na akipata sukari yake bado anakuja mlangoni nikirudi. Leo basi nimeenda kukubali.

Ndo nikakutana na ule mstari. Nesi ananisomea karatasi taratibu, hatari za dawa ya usingizi, kutoka damu, sawa, sawa, alafu akafika hapa: wakifungua wakakuta imeshasambaa kwenye ini na hakuna cha kufanya, wamwamshe au wasimwamshe?

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo kabisa. Kumbe nilidhani nachagua moja kati ya mawili, na nilikuwa nimeshachagua, nimepumua. Wakimwamsha anaamka na tumbo lililoshonwa, maumivu mapya, ugonjwa ule ule, ili mimi niagane naye siku mbili tatu. Wasipomwamsha, hatajua. Kwake itakuwa ni usingizi tu uliomchukua mikononi mwa nesi na haukuisha. Nikauliza naweza kuingia wakiona hivyo, nimshike? Wakasema watanipigia nikiwa hapo hapo nje, watamshikilia kwenye usingizi mpaka nifike, ndo wampe ile sindano.

Nikaandika: asiamshwe. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka herufi za mwisho hazisomeki, nikaomba niandike tena hapo chini zisomeke, maana sikutaka mtu abahatishe.

Kwa hiyo usiku huu naagana naye na siagani naye. Nimemtandikia blanketi lake lakini hajalitaka, ameng'ang'ania sweta. Nimemkuna pale nyuma ya masikio anapopenda, akanilamba kidole mara mbili akalala. Nyuma ya kochi sijasafisha, ghala lake liko kama alivyoliacha, nimehesabu soksi 7 na kifuniko kimoja cha kalamu.

Mlo wa mwisho ni saa kumi alfajiri. Wanyama wengine wanafungishwa usiku kucha kabla ya oparesheni ila yeye hawezi, akikaa zaidi ya masaa manne sukari inaanguka, wakimpokea tu wanamwekea dripu ya glukosi. Nimetega alamu mbili. Nyama nimeshaisaga iko tayari kwenye kibakuli chake, na daftari nimelifungua kwenye ukurasa mpya, nimeandika tarehe ya kesho na saa, sehemu ya kiasi nimeiacha wazi mpaka ale.