Daftari la vipimo na mipira 141 ya kurusha

Kila Jumapili jioni mechi ikiisha, ugomvi wetu ulikuwa ule ule. Tunakaa kwenye benchi la mzee wa kahawa, nyuma ya goli la upande wa mtaro, na kikombe cha kwanza hakijapoa utasikia mtu ameanza: "Hivi ile kona tutaipiga vile mpaka lini?"

Ile kona kila mtu hapa mtaani kwetu Tandika anaijua. Kiungo wetu ananyanyua mkono wa kulia, anarudi hatua nne, anapiga mpira wa juu kwenda nguzo ya kwanza, ile ya goli iliyo karibu naye. Beki wetu mrefu anatokea mbali, anakimbilia pale pale, na beki wa wenzetu ambaye ameshamsubiri muda mrefu anautoa kwa kichwa. Watoto wanaokaa juu ya ukuta walikuwa wakiitangaza kabla haijapigwa: "Mkono juu, nguzo ya kwanza, wameutoa!" Na kweli wameutoa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka uwanjani, na jezi za timu hii nimezitia namba kwa miaka sita. Timu ikifungwa, Jumatatu yangu yote imeharibika. Kwa hiyo yale mabishano kwangu hayakuwa ya kupitisha muda. Yalikuwa yananiuma, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yalikuwa hayafiki popote.

Dereva wetu mmoja wa bodaboda alikuwa anataka mipira ianzishwe haraka. Ushahidi wake ulikuwa mmoja na hauchoki: Mei 7, 2019, Liverpool na Barcelona, Alexander-Arnold anajifanya anaiacha kona, anageuka ghafla, anampasia Origi wakati Barcelona wamelala, inakuwa 4-0. "Sisi tunasubiri mpaka wote wafike, wapangane, wafunge na kamba za viatu!" Mzee wa kahawa alikuwa anasema shida ni mguu wa mpigaji tu. Na kijana anayesimamia kibanda umiza, yeye ni Arsenal, alikuwa anatukatalia wote: mbona Arsenal kila mtu anajua watakachofanya na bado wanafunga?

Siku tuliyotolewa kwenye ndondo kwa goli moja, watu wawili nusura wakunjane mashati. Mmoja alisema tumepata kona kumi na tano tukazitupa zote. Mwenzake akasema hazikufika nane. Nikauliza benchi zima: leo tumepata kona ngapi? Hawakupatikana watu wawili wenye jibu moja, na wote tulikuwa uwanjani tangu dakika ya kwanza.

Kwenye kazi yangu mteja akisema "nipunguzie kidogo kiunoni", sigusi mkasi kabla sijapima. Kesho yake nikachukua daftari langu la vipimo, nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma.

Mechi ya kwanza niliharibu. Nilitaka kuandika kila kitu, na kila nikiinamisha kichwa mpira ulikuwa umeshahama. Nikajifunza mambo mawili. Kwanza, alama ziwe chache: K ni kona, R mpira wa kurusha, G golikiki, A kuanza kati. Mbele ya herufi naweka ulikoelekea, kisha nani aliugusa kwanza na nani alibaki nao baada ya mguso wa pili, sisi au wao. Basi. Pili, jicho na kalamu visiwe vya mtu mmoja. Nikamchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na minne, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Mimi natazama na kutaja, yeye anaandika. "Mamdogo, taja polepole," ndiyo ilikuwa kauli yake siku nzima. Baadaye tukaachana, yeye upande wa ukuta na mimi upande wa mtaro, kila mtu na karatasi yake, tunalinganisha jioni.

Tulifanya hivyo mechi tano.

Kona zilikuwa 23. Kati ya hizo, 19 zilikwenda nguzo ya kwanza, na katika hizo 19 tuligusa mpira sisi wa kwanza mara nne tu. Hapo watoto wa ukutani walikuwa sahihi, na mimi nilidhani kazi imekwisha. Lakini mtoto wa dada alikuwa amejumlisha kurasa zote, akanionyesha chini ya safu ya R: mipira ya kurusha ya timu yetu peke yetu, 141. Tuliyobaki nayo baada ya mguso wa pili, 52.

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Uwanja wetu ni mwembamba na umeinamia mtaroni, mpira unatoka upande ule kila baada ya dakika chache. Miaka yote tunapigana juu ya zile 23, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua mdomo juu ya zile 141. Mara 89 katika mechi tano refa ametupa mpira mkononi na sisi tumewarudishia wenzetu.

Nikaanza kuangalia tunavyorusha. Beki wa pembeni anaokota mpira, anausubirisha kichwani, wenzake wamesimama kama nguzo za umeme, halafu anaurusha mbele kufuata mstari, kwa winga ambaye amewapa mgongo wapinzani na ana beki shingoni. Kila mara. Na yule winga alikuwa anajipanga sawa na beki wa mwisho, anaogopa kuotea, wakati kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea. Angeweza kusimama nyuma ya mabeki wote na kibendera asinyanyue chochote. Nilipolisema hilo kijiweni, nusu ya benchi walibisha mpaka kijana wa kibanda umiza akawaonyesha sheria kwenye simu.

Siku ile beki wetu wa kushoto alipoleta bukta nimpunguzie, nikamuuliza kwa upole kwa nini harushi ndani. Akanijibu bila kufikiri: "Dada fundi, nikirusha ndani wakaninyang'anya, Mwalimu atanitoa. Nikirusha mbele ukapotea, nani atasema kitu? Na nyie wenyewe mnapiga kelele mbele, mbele!" Nilinyamaza, kwa sababu hiyo "mbele" hata mimi nimeipiga, tena kwa sauti kubwa. Yule kijana hakuwa hajui mpira. Alichagua mahali ambapo kosa lake halitaonekana.

Naomba niseme kitu hapa kuhusu Arsenal, maana yule kijana alikuwa na hoja tuliyoidharau. Arsenal wanaye Nicolas Jover tangu 2021, kazi yake ni mipira iliyokufa, yaani ile inayoanzishwa ikiwa imesimama, kama kona na frikiki. Saka anapiga kutoka kulia, Rice kutoka kushoto, mpira unapinda kuingia golini, watu wamerundikana nguzo ya pili, kisha beki wao Gabriel anachomoka. Mpinzani anajua hayo yote. Lakini yule anayetakiwa kumfuata Gabriel ameshazibiwa njia na mtu mwingine, na kipa naye ana mtu mbele yake. Kona yetu ilikuwa inatabirika halafu haimzibii mtu njia. Beki wao alikuwa anatembea tu hadi nguzo ya kwanza kama anakwenda dukani.

Na juu ya kurusha, kijana huyo huyo ndiye aliyenieleza habari za Thomas Grønnemark, Mdenmark ambaye Liverpool walimchukua mwaka 2018 awe mwalimu wa mipira ya kurusha. Mwenyewe aliwahi kushika rekodi ya dunia ya kurusha mbali, mita 51.33, lakini alichowafundisha hasa ni kubaki na mpira: nani akimbie, nani afungue nafasi, mrushaji amtazame nani. Halafu kuna PSG, timu ya Paris, chini ya kocha Luis Enrique. Msimu wa 2024/25, ule waliochukua ubingwa wa Ulaya, walikuwa wakianza mechi kwa kuupiga mpira nje makusudi, ndani kabisa ya eneo la wapinzani. Wengi pale kibandani walidhani ni mchezaji amekosea. Walikuwa wanawapa wenzao mpira wa kurusha karibu na kona yao, kisha wanawabana pale wasitoke. Nilipoelewa hilo nilisikia ubaridi, kwa sababu sisi tulikuwa tunabanwa hivyo hivyo kila Jumapili.

Sasa nani amwambie Mwalimu?

Mzee wa kahawa alinishika mkono. "Mwanangu, usimpelekee hesabu mbele ya wachezaji wake. Mfuate nyumbani. Na usiseme sisi mashabiki tunaona. Sema nimeandika." Huo ushauri ndio uliobeba shughuli yote, na nitamshukuru siku zote.

Nilikwenda Jumanne baada ya magharibi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba fundi. Jezi zina nini?"

Nikamwambia jezi ziko salama, nimeleta daftari. Alipoona kurasa za kona uso ulibadilika. Akasema timu anaifundisha yeye, na watu wa kijiweni kazi yao iwe kahawa. Sikujibu. Niliona nikijitetea tutaingia kwenye yale yale ya Jumapili. Nikafungua ukurasa wa kurusha, nikamsomea mstari mmoja tu: mechi ya tatu, upande wa mtaro, mara kumi na tisa, kumi na tano zimepotea. Akanyamaza. Kisha akauliza swali la mtu wa kazi: "Upande wa ukuta ulionaje na wewe umekaa mtaroni?" Nikamweleza juu ya mtoto wa dada na karatasi yake. Akalichukua daftari, akakaa nalo siku mbili, na nguo za wateja wawili zikachelewa kwa sababu vipimo vyao vilikuwa humo. Niliwaomba radhi.

Alhamisi nikaona mazoezini amepanga matofali kando ya mstari. Aliyoyafanya ni yake, sio yangu, nataka hilo lieleweke. Alipanga watu watatu: mmoja anaujia mpira, mmoja anakimbia kwenda mbali, wa tatu anaingia kwenye uwazi walioacha hao wawili. Mrushaji anamtazama wa kwanza na kumrushia wa tatu, miguuni, sio kifuani. Winga akaambiwa akasimame nyuma ya mabeki bila woga. Kipa alifundishwa kuupokea mpira wa kurusha kwa mguu, kwa kuwa haruhusiwi kuudaka kwa mkono ukitoka kwa mwenzake. Halafu akawaambia, na nililisikia hili kwa masikio yangu: "Ukirusha ndani ukapotea, nilaumu mimi." Beki wa kushoto alinitazama pale nilipokuwa.

Kona aliigeuza kwa namna ambayo nisingeiwaza. Hakuifuta. Mkono wa kulia juu, hatua nne, beki mrefu anakimbilia nguzo ya kwanza vile vile, na anaburuta watu wake wote. Mpira unapita juu yao kwenda nguzo ya pili, ambako kiungo mmoja amemzibia njia beki wa mwisho na straika yuko peke yake.

Jumapili iliyofuata tulicheza na timu inayotujua kuliko jirani. Dakika ya ishirini na kitu tukapata kona, mkono ukanyanyuka, watoto wakaanza juu ya ukuta: "Mkono juu, nguzo ya kwanza..." Hawakumaliza. Straika aliupiga kwa kichwa ukagonga chini ukaingia, na kwa nusu sekunde uwanja mzima ulikuwa kimya, halafu ukalipuka. Dereva wa bodaboda alinikumbatia mpaka daftari likadondoka mchangani.

Goli lile lilishangiliwa wiki nzima. Mimi nililolishangilia zaidi hakuna aliyeliona: dakika za mwisho, tunaongoza 1-0, mpira wa kurusha pembeni mwa kona yetu wenyewe, mahali tulipokuwa tunafia kila siku. Beki wa kushoto akarusha ndani. Pasi tatu, mpira uko katikati ya uwanja.

Mechi nne baada ya hapo tulirusha mara 109 na tukabaki na mpira mara 63. Moja kati ya hizo nne tulifungwa, kwa penalti ya halali. Kona walishaanza kuzisoma tena, na Mwalimu anajua, ana nyingine anayoiandaa.

Kijiweni sasa kinachogombaniwa ni golikiki. Kipa wetu anapiga ndefu upande wa kulia, straika wetu mmoja anarukiwa na watu watatu. Mzee wa kahawa alikuwa anashikilia kwamba golikiki lazima itoke kwanza nje ya boksi ndipo mwenzake aiguse. Ilikuwa hivyo, lakini sheria ilibadilishwa 2019. Tulipomwonyesha alishusha birika, akasoma taratibu mpaka mwisho, akasema basi tumekuwa tukijinyima wenyewe miaka yote hii. Ukurasa wa G nimeshaupigia mistari. Jumapili mtoto wa dada atakaa nyuma ya goli letu, mimi nitakuwa mtaroni, na nguo zote za wateja nimezihamishia daftari jingine.