Kwenda Newala na Babu

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, babu alishuka Mtwara mwenyewe kunichukua. Hakuwa mtu wa kumkabidhi mjukuu kwa kondakta. Alilala kwetu usiku mmoja, na kabla ya adhana ya alfajiri tulikuwa stendi tayari, yeye na koti lake zito la baridi ya Newala, mimi nimekumbatia furushi la ng'onda, wale samaki waliokaushwa, alizonunua sokoni kwa ajili ya bibi.

"Kaa dirishani, mke wangu," aliniambia. Wajukuu wa kike wote tulikuwa wake zake, na bibi huko juu alikuwa anatungoja kwa maneno ya mke mkubwa.

Tulipofika Naliendele akanigusa bega nitazame nje, kwenye kituo cha utafiti wa korosho. Mikorosho ilisimama kwa mistari, imeachana vizuri, chini pamefyekwa. Babu aliitazama mpaka ikapotea nyuma yetu. Alikuwa na mashamba mawili na aliyajua mti kwa mti: upi unazaa mapema, upi una korosho kubwa, upi ulipandwa na baba yake. Njia nzima alinieleza habari hizo kana kwamba nimemuuliza, nami sikuchoka kusikiliza.

Kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ni km 210. Km 50 za mwanzo, mpaka Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami, na hiyo ilikuja nikiwa mtu mzima. Enzi zile ilikuwa mchanga mtupu. Watu wa mikoa mingine huogopa matope ya masika. Sisi tuliogopa kiangazi pia, maana mchanga wa uwanda wa Makonde ukikauka unameza tairi. Basi letu lilinasa mbele ya Nanyamba. Utingo akaruka na koleo, wanaume wakashuka kusukuma, akina mama wakavunja matawi ya kutandika njiani. Babu alivua koti, akanipa nilishike, akashuka na wenzake. Nilimwona ameegemeza bega kwenye bodi ya basi, ndevu zake nyeupe zimegeuka nyekundu kwa vumbi, anahesabu kwa sauti ili wasukume kwa pamoja. Nilijisikia fahari ambayo sijui hata leo niieleze vipi.

Tandahimba tulikula ming'oko. Asiyezijua aende kusini akazile: mizizi myembamba ya porini, inachimbwa kiangazi, inachemshwa, unamenya ganda kwa vidole unakula na chumvi na pilipili. Babu alimenya zangu zote kwanza ndipo akala zake.

Newala tuliingia jua linazama. Kijiji cha babu kipo karibu na mji, kandokando ya ukingo wa uwanda. Bibi alitoka na vigelegele, akanizunguka akinikagua. "Ndiye huyu mke mwenzangu? Mbona kaja na mchanga wa wilaya nzima?" Nywele, masikio, mpaka meno, vyote vilikuwa vumbi.

Hapo babu akafungua fundo la msuli wake, akatoa ufunguo.

Mgeni wa Newala lazima aelezwe habari ya visima. Uwanda ule ni wa mchanga. Mvua ikinyesha maji yanazama chini sana, yanakuja kutokea kwenye chemchemi za mabondeni, mbali na watu. Kwa hiyo mwenye uwezo huchimba shimo uani, hulijengea kwa saruji, na mvua ya bati hupita kwenye mifereji na kuingia humo. Mvua ya kwanza huachwa ioshe vumbi la bati, ya pili ndiyo huelekezwa kisimani. Mvua zikikatika, maji yaliyomo ndiyo hayo mpaka Desemba. Ndiyo maana kisima cha babu kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo ulikaa kiunoni mwake usiku na mchana. Nyumbani kwake watu walinawa kwa kata, na maji yaliyooshea vyombo yalikwenda kwenye mpapai.

Babu alishusha kamba, akateka ndoo, ikajaa hadi ukingoni. Akaibeba mwenyewe hadi bafuni, akaniambia, "Oga. Yote yako." Bibi alimtazama, hakusema neno. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, niliyamwaga yote na kutoka nikitetemeka kwa baridi.

Kesho yake aliniamsha giza bado halijaisha, twende shambani kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Aliniketisha upande upepo unakotoka, nimejifunika kanga ya bibi, na mashine ikaanza kunguruma. Unga wa manjano ulipanda ukatulia kwenye matawi. Alinionyesha shada la maua lililoshikwa na ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, jeupe, limesinyaa, halitatoa korosho hata moja. Kazi ile hufanyika asubuhi kwa sababu umande hushika unga na upepo bado umelala. Jua lilipochomoza alizima mashine.

Hatukurudi nyumbani. Alinishika mkono tukaenda mpaka ukingoni, upande wa Shimo la Mungu. Sikuwa nimewahi kuona ardhi ikikatika namna ile. Chini kabisa palikuwa na misitu na ukungu, ng'ambo ya ukungu bonde la Ruvuma, na mbele yake Msumbiji, nako kuna Wamakonde wenzetu.

Babu alinyoosha fimbo kwenye kijia kilichoteremka kati ya mawe. Mama yake, alisema, alikuwa akishuka pale jogoo la kwanza na mtungi kichwani, na jua likiwa la utosi ndipo anarudi. Mtungi mmoja wa nyumba nzima. Yeye mwenyewe akiwa mdogo alimfuata na kibuyu. Halafu miaka ya 1950 ukaja mradi wa maji wa Makonde, maji yakasukumwa na pampu kutoka bonde la Mitema, na siku bomba likitoa watu walisahau hata kula. Siku pampu ikiharibika, kijia kilikuwa palepale.

Nilikitazama kile kijia nikafikiria ndoo ya jana.

"Babu, mbona ulinipa ndoo nzima?"

"Ulikuwa na vumbi," alisema, akaanza kutafuta njia ya kurudi, maana bibi alikuwa ameshainjika mbaazi.